Mlo Kamili wa Kapteni

Jamani, leo nimeadhirika. Nimejifungia chumbani, pazia nimeshusha, na sitoki hapa mpaka mtaa mzima wa Mkolani ulale. Naandika ili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu. (Mtalisikia tu. Walioshuhudia walijaa mabenchi.)

Kapteni mnamjua. Nyie mnaoangalia stetasi zangu mnamjua kuliko mnavyonijua mimi. Ni mtoto wa mbwa, rangi ya andazi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilipewa na baba yangu mdogo, Masalu wa Misungwi, mfugaji wa ng'ombe, mzee anayewaheshimu mbwa wake kuliko baadhi ya wakwe zake. Alinipa baada ya wezi kuniibia kuku wote pamoja na banda. (Ndiyo. Na banda.)

Lakini alinipa kwa sharti. "Kabula, nitakuja kumwona bila kukuambia siku. Nikikuta amekonda, narudi naye." Na yule mzee hatanii. Ndugu yetu mmoja wa Igoma alipewa mbwa akamlea kwa chipsi. Baba mdogo alipofika akakuta mbavu zinahesabika kwa mbali, akambeba mbwa wake palepale, hata soda aliyowekewa mezani hakuigusa.

Sasa mimi huyu mbwa nimempenda. Nasema wazi. Naishi peke yangu, nikirudi jioni kutoka dukani kwangu Buhongwa hakuna mwingine duniani anayefurahi kiasi kile kuniona. Nikaapa, huyu harudi Misungwi. Nitamlisha kisomi.

Nikaenda kwa bwana mifugo. Akaniambia mtoto wa mbwa anayekua anataka vya kujenga mwili, apewe kidogokidogo mara nyingi, asipewe chumvi wala vitunguu, na mifupa iliyopikwa asiione kabisa. Akamaliza. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaingia mtandaoni kuongezea.

Nikatoka na mlo kamili. Maini ya kuchemsha. Yai. Boga. Wali kidogo. Karoti, karoti, karoti, nyingine za kupika, nyingine mbichi nzimanzima za kutafuna. Na dagaa, maana mtu ukae Mwanza halafu mbwa wako asile dagaa, ziwa lenyewe litakushangaa. Ila dagaa wake nilikuwa nawatoa vichwa, mmojammoja, kwa sababu nilisoma mahali kwamba vichwa si vizuri kwa mbwa. (Labda walikuwa wanazungumzia samaki mwingine. Lakini nilishaanza.) Jioni nzima mtu mzima nimekaa kwenye kigoda nachambua dagaa wa mbwa. Na sufuria kubwa la wiki nilikuwa nalipika Jumamosi asubuhi, kwa hiyo jumuiya nikaacha kwenda. Si mnajua, majirani wa mtaani tunasali pamoja, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Nikasema Mungu ataelewa, mtoto anakua.

Na Kapteni alikuwa ananenepa! Manyoya yanang'aa, tumbo ngoma. Nikaweka picha: "Mlo kamili, mbwa kamili." Mkapenda wote.

Kuna siku jirani yangu wa nyuma, Mama Nyamizi, alikuja kuomba kibiriti akakuta sufuria liko wazi. Akachungulia.

"Dada Kabula, unapika nini?"

"Mlo kamili," nikamjibu kwa maringo, nakata karoti.

Akachukua kijiko, akaonja. Akasimama nacho mdomoni muda mrefu kidogo.

"Mbona hakuna chumvi?"

"Chumvi nimeachana nayo kabisa, Mama Nyamizi."

Akaniangalia. Akaliangalia sufuria. Akamwangalia Kapteni aliyekaa anasubiri. "Pole sana, mdogo wangu," akasema, akaondoka bila hata kibiriti. Mimi nikajua ananipa pole ya kazi.

Basi leo asubuhi nimetoka tu kuliepua sufuria, nasikia getini, "Mwangaluka!" Salamu hiyo ya Kisukuma, baba mdogo huyo. Kofia, fimbo, na kidumu cha maziwa ya mgando mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

(Habari za mimi atauliza siku nyingine.)

Akamshika Kapteni akamkagua kama anavyokagua ndama mnadani. Akafunua fizi. Akavuta kope. Akapapasa mbavu, akainua mkia, akanusa masikio. Mimi naifuata mikono yake kwa macho, kwa sababu fimbo ile na mbwa yule vyote vingeweza kuondoka pamoja. Kisha akamwachia.

"Huyu mbwa ana afya," akasema. "Hata kule kwangu sijapata aliyenona hivi."

Jamani! Hapo ndipo ningenyamaza, tukanywa chai, akaenda zake. Lakini nilipasuka kwa furaha. Nikamkalisha mzee wa watu kwenye kiti nikamfundisha. Nikamwambia habari za maini, habari za karoti na macho, habari za dagaa wasio na vichwa. Mtu amefuga mbwa tangu sijazaliwa!

"Na ugali?" akauliza.

"Hapana, baba. Ugali kwa mbwa ni mambo ya zamani."

(Naomba mnisamehe. Nilishalewa sifa.)

"Haya. Mpe nimwone anavyokula."

Nikampakulia Kapteni kwenye bakuli lake, lile lenye jina. Nikaliweka chini taratibu, nikarudi nyuma kupisha maajabu. Kapteni akaja. Akanusa. Akanitazama, nadhani kwa huruma. Halafu akageuka upande, akaanza kusukuma udongo kwa pua yake kulifunika lile bakuli.

Baba mdogo akainuka, akachokoa ardhi pale karibu kwa ncha ya fimbo. Ikatoka karoti. Akachokoa pembeni. Ikatoka nyingine, imeshaanza kuota majani.

"Kabula," akasema. "Umelima karoti?"

Kabla sijajibu, nyuma ya uzio kukasikika mtu anagonga sufuria kwa mwiko, ko ko ko. Kapteni akapotea. Sikumwona hata alipopita. Kwenye michongoma kulikuwa na tundu laini, la mviringo, limezoeleka kabisa, tundu ambalo mimi mwenye nyumba nililiona leo kwa mara ya kwanza.

Baba mdogo akachukua fimbo yake. "Kwetu ng'ombe akirudi amenona wakati nyasi hakuna, tunamfuata tuone anaingia shamba la nani. Twende."

"Baba, chai kwanza…"

Alishapita getini, anazunguka. Mimi kwa haraka nikaona nipite palepale kwenye tundu. (Tundu la mbwa. Mimi na mwili huu.) Kichwa kikapita, mabega yakapita, sketi ikashikwa na miiba. Nikabaki pale, nusu kwangu nusu kwa Mama Nyamizi, chini chini kwenye majani, na kwa hiyo nikayaona yote bila kuonekana.

Kapteni alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye karai. Ugali wa dona umelowekwa kwenye mchuzi, na juu yake minofu ya kichwa cha sangara. Alikuwa anakula mpaka miguu ya nyuma inanyanyuka. Mama Nyamizi amesimama na mwiko, amependeza, yuko njiani kutoka.

"Shemeji! Leo umechelewa!" anamwambia. (Shemeji ni mbwa wangu. Wanamwita hivyo kwa sababu hakosei saa ya chakula.) Akamwona baba mdogo anaingia. "Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Huyu mbwa ni wako?"

"Hapana, baba, ana mwenyewe. Dada mmoja hapo nyuma, maisha yamempiga vibaya. Mbwa tunamsaidia hapa mtaani, huyu anampa hiki, yule anampa kile. Lakini shida si mbwa, shida ni yeye. Leo jumuiya tunakutana kwa Mzee Lameki kwa ajili yake. Wewe ni ndugu yake?"

"Ni binti yangu," akasema baba mdogo, polepole.

"Basi Mungu amekuleta! Twende ukasikie."

Wakaondoka. Kapteni akalamba karai mara ya mwisho akawafuata kwa madaha, mtu wa nyumbani. Mimi nikajing'oa pale, sketi ikaacha kipande chake kwenye miiba, nikakimbia. Nilitaka kuwawahi. Ndugu zangu, mtu aliyeshikilia sketi kwa nyuma hawawahi watu.

Nilipofika kwa Mzee Lameki, mwenyekiti wetu, wameshakaa. Mabenchi yamejaa uani. Baba mdogo amepewa kiti cha mbele. Katikati kuna beseni kubwa lenye unga, mchele, mafuta, maharage, limefunikwa kwa kanga nusu. Mzee Lameki amesimama, amenipa mgongo, anaongea kwa uchungu.

"Ndugu zangu, yule binti hasemi. Jumuiya ameacha kuja, mnafikiri kwa nini? Ni aibu. Mama Nyamizi ameingia jikoni kwake kwa macho yake. Ameona sufuria moja. Moja! Dagaa, karoti, hakuna mafuta, hakuna kitunguu, hata chumvi hana. Anakula hicho yeye, na mbwa wake anakula hichohicho. Wanakula sufuria moja na mbwa!"

"Jamani," wakasema wamama. Mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikamwangalia baba mdogo. Ameinamisha kichwa, fimbo ameikumbatia.

Kapteni akaniona. Akabweka kwa furaha. Uani pote wakageuka, na mimi hapo, nywele zimejaa majani, sketi imechanika, mikwaruzo mpaka shavuni.

"Masikini, ona alivyo!" akasema mtu.

Nikashikwa mkono nikawekwa katikati, jirani na beseni. Wakaanza kuimba. Wakati wanaimba, Mama Nyamizi akachomoa kutoka kwenye mkoba wake pakiti ya chumvi, akaja nayo kwa mikono miwili, akaiweka juu kabisa ya beseni. Alikuwa analia kweli. Nami machozi yakanitoka, kwa sababu nilitaka kucheka, na nilitaka kufa, na pia hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo katika maisha yangu.

Ningeweza kupokea, nikashukuru, nikahama Mwanza. Lakini baba mdogo alikuwa ananitazama. Nikasema.

"Jamani, wabeja, asanteni sana. Lakini mimi nina chumvi. Lile sufuria… lile ni la mbwa."

Watu wakaangaliana, kisha wakamwangalia Kapteni.

"Na maini yale niliyoyaona chini?" akauliza Mama Nyamizi.

"Ya mbwa."

"Mayai?"

"Ya mbwa."

"Yaani mbwa anakula maini, halafu anakuja kwangu kula ugali?"

"Nimejua leo, Mama Nyamizi."

Mzee Lameki akavua miwani. "Sasa binti yangu, kama yote hayo ni ya mbwa, wewe unakula nini?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo Mungu angenipa homa ya ghafla. Hakunipa. Na mbele ya jumuiya nikashindwa kusema uongo. Kwa sababu dagaa wale nilikuwa nawatoa vichwa. Na mimi sikulelewa kutupa chakula. Jioni nilikuwa navikaanga na nyanya, nakula na ugali.

"Vichwa," nikasema.

"Vichwa vya nini?"

"Vya dagaa wa mbwa."

Aliyeanza kucheka ni baba mdogo. Mzee ambaye sijawahi kuyaona meno yake! Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha mabenchi yote. Mama Nyamizi alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kutokea. Kapteni, kwa kuona watu wamefurahi, akachukua kofia akakimbia nayo.

Walipotulia, nikamuuliza baba mdogo nililokuwa naliogopa tangu asubuhi. "Baba, unarudi naye?"

Akapangusa macho. "Nilisema nikikuta amekonda. Mbwa hajakonda." Akanitazama juu mpaka chini. "Hapa aliyekonda ni mwingine, na huyo nikimpeleka Misungwi atawafundisha ng'ombe wangu kula karoti. Mwenyekiti, nawaachia wote wawili. Mnavyomlisha yule, mlisheni na huyu."

Mkutano ukapitisha kwa makofi. Unga, mchele na mafuta nimekataa, wakapeleke kwa mwenye shida. Chumvi Mama Nyamizi alikataa katakata kuichukua. Ipo hapa mezani inaniangalia.

Na sasa hivi, wakati naandika, nasikia ko ko ko nyuma ya michongoma. "Shemeji! Shemejiii!" Kapteni ameshasimama mlangoni, sikio moja juu.

"Na wewe dada, njoo! Nimekuachia kiwiliwili!"

Naombeni msicheke. Ni sato wa kukaanga, harufu imefika mpaka huku, na tundu tayari tumelipanua. Naenda, na chumvi yangu naibeba.