Picha ya Raina Milangoni

Jumatatu, 15 Septemba

Nimenunua kamera! Ya kidijitali, ya mtumba, vitufe kumi na tisa. Kijitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kifini. Si kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimepita studio kwa Metodi, mpiga picha pekee wa mji huu na mshindani wangu tangu darasa la pili. Nimemwomba anionyeshe mambo mawili matatu. Amecheka mpaka miwani ikamwanguka. Eti kamera si kikaango, Genadi, usidhani ukiishika tu kitaiva kitu. Mbele ya wateja! Nimeapa. Kufikia Krismasi wateja wake wote watakuwa wangu.

Dada Raina amesema heri ningenunua mitungi ya kusindikia, maana pilipili hoho za mwaka huu ni nyingi. Tunaishi wawili katika nyumba ya mama. Yeye hakuolewa, mimi hakuna aliyenitaka. Chakula changu, kahawa yangu, ugomvi wangu, vyote viko kwake. Sina mtu mwingine.

Jumanne, 16 Septemba

Picha arobaini za mto. Zote nyeusi tii kwenye kioo cha kamera. Nimelaumu betri, kisha nikalaumu mto. Raina, akipita na ndoo ya hoho, ameuliza kile kifuniko cha mbele kazi yake nini. Nimesubiri apite ndipo nikakitoa.

Jumamosi, 20 Septemba

Ubatizo wa mjukuu wa Zdravka, muuza mkate. Nimepiga picha mia mbili. Nimepanda hata benchi la kanisa, kasisi akanikemea. Kufika nyumbani, hakuna hata moja! Kumbe kuna kadi ya kuchomeka ndani, na huuzwa peke yake. Nimemwambia Zdravka picha bado zinaiva. Najuta. Ameniambia nisijisumbue, Metodi ameshampa zake.

Jumapili, 21 Septemba

Kadi ipo. Lakini nimegusa kitufe, sijui kipi, na sasa kila picha inatoka nyeusi na nyeupe. Nimejaribu vyote kumi na tisa. Hakuna nafuu. Kumuuliza Metodi? Heri nife. Nimeamua kwamba rangi ni mambo ya watoto.

Halafu ikatokea. Raina alikuwa uani akichoma hoho kwa mashine ya umeme, nywele zimefumuka, moshi unamzunguka. Akageuka kunifokea nitoke kwenye waya wa umeme. Nikabonyeza. Mama wa Mungu! Mdomo unafoka, macho yanacheka. Nimeitazama picha hiyo saa nzima. Miaka sitini na mbili nimeishi na mwanamke huyu na sikuwahi kumwona. Nimeona aibu.

Aibu ikapita. Ukaja mpango.

Jumanne, 23 Septemba

Nakala sitini! Uso wa Raina katikati ya karatasi nyeupe, chini jina lake kamili. Chini zaidi ilikuwa litoke jina langu kama mpiga picha, na anwani, ila wino wa printa ukaisha. Si kitu. Chema chajiuza. Jioni, Raina akiwa kwenye mitungi yake, nimebandika kwenye nguzo, kituo cha basi, milango ya jengo la posta na ya kanisa. Metodi kwisha.

Jumatano, 24 Septemba

Mji mzima unanisalimu kwa heshima. Mpeleka barua amevua kofia. Zdravka amenishika mikono yote miwili, akanipa mkate bure, akaniambia nijikaze kiume, sote njia yetu ni moja. Nilidhani anazungumzia sanaa. Nimemjibu asante, hii ni ya kwanza tu, nyingine zinakuja. Akafanya ishara ya msalaba.

Alasiri mlango umegongwa. Raina amefungua. Metodi, suti nyeusi, maua mkononi. Alipomwona alipiga yowe akaketi kwenye ngazi. Raina akahesabu maua. Manne! Kwetu aliye hai hupewa matatu au matano. Shufwa ni ya maiti. Akauliza nani kafa. Metodi akanyoosha kidole kwenye nguzo ya umeme mbele ya lango letu.

Ndipo likanijia lile ambalo hata mtoto wa chekechea hapa analijua. Karatasi nyeupe mlangoni, uso wa nyeusi na nyeupe, jina chini yake: hilo ni tangazo la msiba. La mama nililibandika mwenyewe, kwa mikono hii hii. Nimemuua dada yangu mara sitini. Nimekwenda jikoni nikalia.

Lakini Metodi alilia kunishinda. Eti miaka arobaini alikuwa na neno la kumwambia Raina, na asubuhi ya leo, mbele ya nguzo, akajua amechelewa. Raina akafuta mikono kwenye aproni. Metodi akachomoa ua moja akalitia mfukoni, akampa yale matatu. Wakaenda kunywa kahawa. Mimi sikualikwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimebandua hamsini na nane. Mbili sizioni. Zdravka amedai mkate wake.

Nilitegemea Raina atanitukana. Ameniambia taratibu kwamba amesikia watu wakimlilia akiwa hai, bahati ambayo wengi huikosa. Na kwamba hata hivyo mimi ni punda.

Jumapili, 5 Oktoba

Raina amehamia kwa Metodi, juu ya studio. Amechukua masufuria na mashine ya kuchomea hoho. Ameniachia mitungi ishirini. Nimemuuliza sasa mimi nitakula nini. Amejibu, "Mdogo wangu, mitungi ina majina. Soma." Nilitaka kumwambia neno jingine. Baki, tu. Silabi mbili! Sikulisema. Najuta mpaka mifupani.

Metodi aliporudi kuchukua sanduku la mwisho, aliniomba ile picha aitundike dirishani. Amesema maisha yake yote hajapiga picha kama ile. Siku nyingine yoyote ningeruka kwa furaha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nyumba kimya. Nimekula hoho kwa mkate, kisha mkate kwa hoho. Studio iko mita mia mbili tu kutoka hapa. Raina hajapita. Siku mbili nzima!

Najuta kununua kamera. Najuta wino, gundi, nguzo. Nimekaa nikafikiri sana, na nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi: nilibandika uso usiohusika.

Nimeiweka kamera juu ya friji nikajipiga mwenyewe. Tisa zimenikata kichwa. Ya kumi imenitoa vizuri, mnyonge kidogo, kola imekaa sawa. Nyeusi na nyeupe. Jina langu chini, kwa herufi kubwa. Nakala moja inatosha. Kesho asubuhi naibandika mlangoni kwa Metodi, pale anapopita Raina kwenda kununua maziwa. Atakuja mbio bila hata kuvua aproni.

Nimefagia jikoni. Vikombe viwili viko mezani.