Kopo la Chai ya Kijani

Mtongwe, Jumatatu, 4 Desemba 1961

Shule kwisha. Mimi sasa mtu mzima. Bi Kafedha, fundi wa nguo za harusi, ana cherehani moja iliyo wazi, na tunaoitaka ni wawili: mimi na Samiha. Samiha husema bila kupumua. Mimi nikimwona Bi Kafedha hutoa "shikamoo," kisha ulimi huenda zake. Mama ameapa nikikosa nafasi hiyo nitapelekwa Mtopanga kwa shangazi, kuchunga mbuzi. Mbuzi tisa!

Lakini nina siri. Ami Mahfudh, baharia, kaniletea kopo la chai ya kijani yenye vipande vya matunda. Zawadi hiyo itanisemea.

Jumanne, 5 Desemba

Tumeionja, mimi na jirani yangu Nduku, mtoto wa kuli wa bandarini. Ami alisema itiwe maji ya moto tu. Tukatia. Nduku akanywa, akafikiri sana, akasema kwao Machakos hiyo ni dawa ya ng'ombe. Nikamwambia hana ustaarabu. Nikanywa yangu. Chachu! Nikaitema kwenye mrehani wa Mama.

Nimetambua: chai hii ni mbichi. Ami ni mwanamume, atajuaje mambo ya jikoni? Itakwenda na maziwa, iliki, tangawizi, na itachemka mpaka iache ubishi. Nduku akaonya kuwa maziwa na uchachu havipatani. Nikamkumbusha nani aliyewafundisha watu wa bara kunywa chai.

Alhamisi, 7 Desemba

Mimi na Nduku tumeipika jikoni kwa Bi Kafedha. Ikachemka. Maziwa yakakatika! Mabonge juu, maji ya kijani chini. Nikachuja mara tatu, nikaongeza sukari, nikasoma Bismillahi.

Samiha alikuwepo, kakaa mkekani kama bibi harusi. Akachungulia kikombe. "Mwanamkasi, shoga yangu, hii ya kunywa au ya kujipaka?"

Bi Kafedha, kwa adabu zake, akanywa yote, jicho moja limefumba. Akauliza nani kapika. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Samiha akala yamini, wallahi, hakuigusa hata sufuria. Ndipo Nduku akasema, "Ni mimi, mama. Na niliona maziwa ikikatika."

Bi Kafedha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akasema mtu anayeikiri chai kama hii, ataukiri na mshono uliopinda. Cherehani kampa Nduku.

Nduku! Ambaye hata hakuiomba!

Ijumaa, 8 Desemba

Mama amekwisha fungasha nguo zangu kwenye kanga. Nduku kaja, macho mekundu, kusema atakuwa akinifundisha kila anachofundishwa, nikija kutembea. Nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nafikiri.

Kosa nimelijua: iliki ilipungua.

Huko Mtopanga nasikia yupo fundi mwingine wa nguo, Bi Sheikha, tena mpweke, hana mwanafunzi. Kopo limebaki nusu. Shangazi ana mbuzi tisa, maziwa si haba. Safari hii nitayatia mara mbili, na ndimu nzima nikamulie humo, ili yatulie.