Mtu wa Kupigana na Bingwa

Jumatatu, 3 Machi
Bingwa katimiza miaka thelathini na tisa. Mimi ni meneja wake na shemeji yake. Mkewe ni dada yangu. Chama cha ndondi kinataka jina la mpinzani kufikia Ijumaa. Bingwa anasema hili huenda likawa pambano lake la mwisho, hataki mtu wa kuokoteza. Nikaitikia. Moyoni nimeshapanga: jina kubwa, mikono iliyokwisha nguvu. Watu hao wapo. Ni kutafuta tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempata. Fundi viatu wa nyuma ya stendi. Miaka kumi na minne iliyopita alipigana na Bingwa raundi kumi na mbili, watu wakapanda juu ya viti. Nimemkuta anashona soli. Nikamweleza habari ya marudiano ya heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimesimama upande gani.
Jicho la kulia halioni kabisa. La kushoto linaona kivuli. Tangu pambano lile. Anashona kwa kupapasa.
Akasema hana kinyongo, ila hawezi kupigana na mtu asiyemwona.
Kikwazo kidogo. Nitazungumza na daktari wa chama.

Jumatano, 5 Machi
Daktari kanifukuza ofisini, kisha akampigia simu Bingwa. Bingwa akaenda kwa fundi peke yake, akakaa naye kwenye benchi asubuhi nzima. Hakuwa akijua. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.
Aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitazama mkono wake wa kulia muda mrefu, akasema, “Shemeji, niletee mtu anayeweza kunipiga.”
Anamtaka Mashoto. Miaka ishirini na minne, mapambano kumi na moja, hakuna aliyemaliza naye raundi ya tano. Dada alisikia kutoka jikoni. Akazima jiko, akaenda kulala mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebuni njia. Nimemwandikia kocha wa Mashoto masharti ambayo hakuna mwenye akili timamu atayakubali. Mashoto avae glavu nzito kuliko za Bingwa. Aingie ulingoni bila muziki. Asishangilie hata akishinda. Watakataa, nami nitapeleka jina la mwalimu mmoja wa kwaya aliyepigwa mara tisa ulingoni.
Jibu limefika alasiri. Wamekubali yote. Kocha anasema Mashoto alibandika picha ya Bingwa ukutani tangu akiwa darasa la tatu. Ukimwambia apigane pekupeku, atapigana.
Nimepeleka jina.

Jumamosi, 29 Machi
Bingwa alianguka raundi ya nane. Akaamka kwenye hesabu ya saba. Raundi ya tisa Mashoto alishusha mikono, akamtazama mwamuzi kama anayeomba pambano lisimamishwe. Bingwa akamwambia, nami nilisikia kutoka kwenye kona, “Piga, mwanangu. Usinidharau.”
Akapiga. Bingwa naye akapiga. Walifika raundi ya kumi na mbili wote wamesimama, na ukumbi mzima umesimama. Tumeshindwa kwa pointi. Mashoto hakushangilia, na sidhani kama ni kwa sababu ya barua yangu.
Kwenye chumba cha kubadilishia nguo dada alimfuta damu mumewe. Bingwa akanishika bega kwa mkono wa kushoto, wa kulia umegoma. Akasema, “Asante, shemeji. Umenichagulia mtu.”
Nikasema ndiyo kazi yangu. Kisha nikatoka, nikalia chooni.

Jumatatu, 31 Machi
Bingwa ameandika barua ya kustaafu. Dada kasema habari za ngumi ziishie mlangoni kwake. Namwelewa.
Ila kipaji cha kuchagua hakistaafu. Asubuhi nimekwenda kwa kocha wa Mashoto. Nikamwambia bingwa mpya anahitaji mtu wa kumwangalizia wapinzani, asije akaumia mapema. Akaniuliza nina nani mkononi.
Nikasema ninaye mmoja. Anajulikana kila mahali, watu watajaa, na kwa sasa hata kunyanyua mkono wa kulia hawezi. Namfahamu vizuri, ameoa kwetu.
Kilichobaki ni kumwambia dada.