Kioo cha Ottokar na Ramani ya Meja

Jumatatu, 18 Juni 1866. Vienna.
Vita na Waprusi vimeanza, na mimi Xaver, mkono wa dhahabu, nasugua mawe! Mzee Wondrak anachapa ramani za vita na picha za makamanda; mchoro huchorwa juu ya jiwe la kuchapia, na jiwe likishatumika naletewa nilisugue kwa mchanga. Leo kaja Meja Trattnig, mstaafu, tumbo mbele, sikio la kushoto aliliacha Italia. Anataka ramani ya Bohemia, mishale ya jeshi letu ielekee magharibi, na pembeni sura yake na upanga. Kasema bunduki za Waprusi ni za wavivu: mtu anapiga huku kalala! Mwanamume hupiga amesimama. Maneno hayo.

Mzee katangaza: ramani ikimpendeza Meja, mchoraji wake atapewa meza ya dirishani, milele. Kazi kampa nani? Ottokar, mchoraji wa hapa dukani!

Jumatano, 20 Juni.
Ottokar hajui kitu. Kutwa anajitazama kwenye kioo kilicho mezani, kama bibi harusi. Na herufi zake jiweni, aibu! Zote kinyumenyume. Mimi niliyeishia darasa la tatu namshinda.

Alipokwenda kula soseji nikakificha kioo kwenye pipa la mchanga. Tuone.

Alhamisi, 21 Juni.
Kimempata! Bila kioo hachori. Eti jicho linamchanganya. Zimwi limemchanganya! Kasusa, kaenda kwao. Nikamwambia Mzee kwamba mimi sihitaji kioo, sura yangu naijua. Mzee kaguna, kasema Meja anakuja Jumamosi, basi nijaribu, ila nikiharibu atanisugua mimi kwa mchanga.

Ijumaa, 22 Juni.
Nimemaliza. Herufi zimenyooka kama askari wa gwaride. Upanga kiunoni kushoto, sikio moja tu, la kulia. Mzee anaumwa jino, hakukagua. Nimeshaihamishia kofia yangu dirishani.

Jumamosi, 23 Juni.
Karatasi imelaaniwa! Imetoka mashineni Meja akiwa amesimama palepale. Jeshi letu linakimbilia Urusi. Upanga umehamia kulia. Sikio lililobaki Italia limeota tena, na lile zima limeng'oka! Meja kajishika sikio kuhakikisha. Kauliza kwa ukali, jamani, mmenichora mimi au adui yangu? Nikamshauri aigeuze karatasi aisomee nyuma, kwenye mwanga. Upanga wa pichani ni mdogo kuliko ule aliouchomoa.

Ottokar karudi, kakifukua kioo, kacheka hadi kakaa chini. Kasema, "We punguani, chochote tunachochora hapa hutoka kimegeuka! Miaka miwili unasugua mawe, ulidhani naandika Kiarabu?" Wivu tu. Meza ya dirishani kapewa yeye. Kofia yangu kamtupia mbwa.

Jumatatu, 25 Juni.
Mzee ana huruma, au jino limepona. Kanipa ubao na rangi nyeupe, niandike jina la duka, ubao utundikwe juu ya mlango. Kasema hiyo hata mbuzi anaweza.

Safari hii hawanipati! Kila herufi nimeigeuza, kulia kushoto, bila kioo, kwa akili tupu. Nimeutundika mwenyewe.

Dakika kumi tu na mtaa umejaa. Wanacheka kwa furaha, wananyoosha vidole. Mwokaji mikate kamkimbilia mkewe alete kioo. Naam, kwa msanii kama mimi mtu haingii bila kuchana nywele. Nawahi kumwambia Ottokar anipishe dirishani.