Malalamiko Dhidi ya Mpwa Wangu Anayepokea Vitu Bila Kuvisoma

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Natumaini u mzima na hospitali inakuendea vyema. Mimi, Mkuu wa Masijala, nakuandikia kwa masikitiko kuhusu mwandishi wetu wa programu za kompyuta ambaye, bahati mbaya, ni mpwa wangu. Undugu tuuweke kando.

1. Zahanati zote hututumia picha za eksirei kwa mtandao. Programu ya binti huyu inazipokea na kuzihifadhi bila kusoma hata neno moja. Masijalani kwangu hakijawahi kupita kitu hivyo.

2. Nilipotaka kuona kilichoingia, alinifungulia ukurasa mzima wa namba tupu. Hakuna salamu, hakuna namba ya kumbukumbu, hakuna sahihi. Eti hizo ni baiti ghafi, yaani namba za picha kama zilivyotoka kwenye mashine, na ndizo mfupa wa mgonjwa. Mheshimiwa, mfupa naujua.

3. Nikaagiza kila kinachoingia kigeuzwe maandishi kwanza. Alikataa, tena mbele za watu, huku akiniita Mjomba kazini! Alidai namba nyingi humo hazilingani na herufi yoyote, na mashine ikishindwa itaweka alama ya kuuliza mahali pake, namba yenyewe ipotee. Nikamnyang'anya nywila, kazi nikampa mwenzake asiye na ubishi, naye akatekeleza agizo.

4. Tangu Jumatatu kila picha inasomeka: alama za kuuliza, juu hadi chini. Madaktari wananung'unika kwamba hawaoni mifupa. Mimi naona maendeleo, maana hata mashine sasa inauliza isipoelewa, jambo lililomshinda mpwa wangu.

Hivyo naomba aachishwe kazi, na zahanati ziagizwe kwamba kila mfupa uje na barua ya utambulisho.

Nisalimie madaktari wote, hata walioninunia, na familia yako nzima.

Wako katika utumishi,
Mkuu wa Masijala

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha nimeambiwa mama yangu ameanguka bafuni. Picha ya nyonga yake ilitumwa asubuhi kwa njia hiyohiyo, na daktari wa upasuaji ameniita nimsomee. Ni alama za kuuliza tu, Mheshimiwa. Zahanati haikubaki na nakala, kwa hiyo wanampiga picha nyingine, na kila wakimgeuza analia. Naogopa. Mpwa wangu hapokei simu yangu. Tafadhali mpigie wewe, umwambie nywila yake iko kwenye droo yangu, na picha ya bibi yake aipokee kama inavyokuja, bila kusoma hata neno moja.