Pilipili Zangu na Sauti ya Nyuma ya Neti

Jamani, leo sina uso. Nimejifungia chumbani naandika hapa kwa sababu sebuleni hakukaliki.

Mnajua mama mkwe wangu amekuja kutoka Kutulo. Abdi alinioa bila kumshauri, tena mimi Mpokomo wa mtoni, kwa hiyo Hooyo (ndivyo mama anavyoitwa katika nyumba hii) amekuja Garissa kunikagua. Neno lake ndilo linalongojwa na ukoo mzima: nikae, au nirudi kwetu Hola. Na tangu afike hajasifu kitu. Chai yangu nyepesi. Anjera zangu, zile chapati zao za maji, ngumu. Kisomali changu kinamfanya akohoe.

Kitu kimoja tu najivunia: pilipili. Nililetewa miche michanga kutoka nyumbani, mingine ina majani mawili tu, nikaipanda kwenye madumu ya mafuta niliyoyakata, pale kwenye kona ya ua. Juu na pembeni nikatundika neti ya kivuli, maana jua la hapa halina dini. Maua ya kwanza yalipukutika yote kwa joto. Nikawa namwagilia alfajiri na magharibi, naibembeleza miche kama wagonjwa, hadi ikashika matunda na matunda yakaanza kuiva. Hooyo aliyatazama siku moja akasema, "Bilibili ya Bokomo. Hii haiwashi." (P kwake ni B. Shikeni hapo hapo.)

Kisha pilipili zikaanza kutoweka. Kila nikiamka usingizi wa mchana, iliyokuwa nyekundu haipo. Si ndege, kwa sababu kikonyo kimekatwa vizuri, kwa kucha. Mchangani hakuna alama ya kiatu. Nikamuuliza Hooyo. Akazungusha tasbihi yake, akasema polepole, "Nyumba hii mlihamia bila kusoma Kurani. Kuna wengine humu. Mchana wanatoka." Akaingia zake ndani. Mimi nikabaki nimesimama juani, mgongo baridi.

Leo baada ya adhuhuri umeme ukapotea, feni ikasimama. Hooyo akasema anajilaza. Viatu vyake mlangoni, pazia limeshushwa. Mtaa ulikuwa kimya kupita kiasi. Hata mbuzi wa jirani, ambao hawajui maana ya kunyamaza, walinyamaza. Nikatoka na sufuria, nikamwaga maji ya moto ya kuchemshia tambi kule kwenye kona, karibu na neti. Maji yalipogusa ardhi ndipo nikakumbuka kuwa sikusema Bismillahi. Na tangu utotoni tumeambiwa: ukimwaga maji ya moto bila Bismillahi, unaunguza watoto wa majini.

Neti ikatikisika. Hapakuwa na upepo.

Ukafuata mguno. Wa chini, mzito, wa mtu aliyebanwa kifua. Nikajiambia ni paka. Paka akasema, "Nibebee."

Nilirudi nyuma hatua moja, sufuria kifuani.

"Nibebee," sauti ikarudia, sasa ikilia. "Nibebee, naungua."

Naungua! Basi ni maji yangu. Nimeunguza mtoto wa watu, na mzazi wake anataka nimbebee fidia. Nikapiga magoti pale pale, sufuria mkononi.

"Nikubebee nini?" nikauliza. (Ndiyo, nilijibizana nalo.)

"Nibebee! Haraka!"

"Nitakuletea kuku. Jogoo mweusi, wallahi." (Astaghfirullah.) Nikasikia kuhema tu. "Kuku hatoshi? Udi je? Marashi?"

"Nibebee, wewe!"

Hapo akili ikaniruka. Nikasema, na ninayaandika kama yalivyotoka: "Kama unataka mtu, mimi bado hata sijazaa. Mama mkwe wangu amelala ndani. Ameshakula chumvi nyingi. Mchukue yeye."

Neti ikafunguka.

Hooyo. Miguu mitupu, pilipili nyekundu kiganjani, macho yamevimba, machozi na kamasi vinashindana kushuka. Kumbe mwizi wa pilipili ni yeye. Alikuwa anazichuma kwa siri, anazisaga na ndimu, anapata basbaas ya kula na wali chumbani kwake, kwa sababu baada ya kuniambia haziwashi angeniombaje? Leo jasho lilimwingia machoni akajifuta kwa vidole vile vile. Hakuona tena njia ya kutoka. Na alichokuwa akiniomba muda wote ule ni nimpepee. Nimpepee uso!

"Nibebee," akasema tena, taratibu, akinijia kwa kupapasa. "Jini atachukua mimi baadaye."

Nikampepea. Kwa mfuniko, kwa khanga, kwa kila kilichopepea. Nikamwosha macho kwa maziwa huku mimi mwenyewe nalia, kwa sababu niliona wazi kwamba ndoa yangu imefia pale kwenye madumu. Alipoanza kuona akachukua simu, akampigia Abdi aliyeko Mandera kwa biashara zake, akaweka sauti kubwa. Mama na mwanawe huzungumza Kisomali siku zote. Leo alichagua Kiswahili, makusudi, nisikose hata neno.

"Abdi, bibi yako leo alibatia jini mimi."

"Alikufanya nini?"

"Alibatia jini mimi, nasema. Alianza na kuku. Mimi nilikuwa wa bili."

Mimi kichwani nikaanza kufunga mizigo ya kurudi Hola.

"Lakini huyu akae," Hooyo akasema. "Mtu anaogoba namna hii hawezi kuficha wewe kitu. Ataambia jini yote."

Kwa hiyo nakaa. Sasa hivi majirani wamejaa sebuleni kumpa pole ya macho, naye anawasimulia upya kwa Kisomali, na kila akifika kwenye jogoo nyumba inatetemeka kwa vicheko. Nawaomba ninyi msicheke. Waliocheka wanatosha.