Mwanga Uliomwogopa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimeuona tena. Mwanga mmoja, mdogo, mweupe, juu kabisa ya nyumba yetu, muda ule jua limezama na taa za mtaani hazijawaka. Unatetemeka. Unasogea kushoto, unarudi. Halafu ukazimika kama umepulizwa. Nilikuwa nimetoka kibandani na kiatu cha mteja mkononi. Nikasahau kurudi ndani hadi mteja mwenyewe akaja kunipokonya.

Kinyozi wa jirani naye ameuona. Kabla sijafungua mdomo alishawaeleza wateja wake kwamba ni chombo cha kupiga picha kutoka angani. Nikamuuliza hicho chombo kingepiga picha gani hapa zaidi ya vipara alivyovitengeneza yeye. Watu wakacheka. Nilifurahi sana, mpaka nikakumbuka kwamba kimoja ni changu.

Mimi nasema ni nyota mpya. Nyota mpya ina mgunduzi, na mgunduzi ndiye anayeipa jina. Nitaipa jina la marehemu mke wangu. Nimelitamka polepole, peke yangu, nikitazama juu. Linakaa vizuri.

Mengineyo: taa ya baiskeli yangu imepotea. Mwavuli mweusi wa marehemu pia hauonekani. Namshuku kinyozi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Shemeji kapiga simu, kaka wa marehemu. Anakuja Jumapili kumchukua mama yake. Anasema haipendezi mama kuendelea kukaa kwa mkwe na aliyewaunganisha hayupo. Kwamba hapa amekaa bure, ananyauka. Kwake kuna wajukuu na kiti cha kubembea. Nikasema sawa, shemeji. Nilipokata simu nikakuta nimepigilia kisigino cha kushoto kwenye kiatu cha kulia.

Sitaki aende. Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika: sitaki.

Hatuongei mengi. Heshima ya mkwe ni kitu kizito. Akipita ngazini mimi nageukia ukutani na kujifanya natafuta msumari. Lakini kila asubuhi naikuta chai yangu imefunikwa kisosi, vilevile alivyokuwa akiifunika binti yake. Nyumba yenye mtu wa kukufunikia chai haijawa tupu.

Kumsihi abaki siwezi, nitaanzia wapi? Na shemeji ananiona bwege tangu siku ya harusi. Basi mpango ni huu: niigundue siri ya ule mwanga kabla ya Jumapili. Mtu mwenye nyota yake huwezi kumwambia kwamba hawezi kumtunza mama yako.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Balaa.

Nimeazima darubini ya mlinzi wa ghala. Jicho moja limepasuka, lakini hata mimi jicho moja ndilo zima. Mahali pazuri pa kuchungulia pangekuwa paa letu, ila saa hizo Mama huwa juu anaanua nguo, na mkwe hamfuati mama mkwe paani. (Sijui nguo za watu wawili zinaanuliwa kwa muda mrefu namna ile. Sikuuliza.) Nikapanda juu ya pipa la maji la kinyozi. Nilichodhani ni kifuniko kilikuwa beseni la plastiki.

Kinyozi alinitoa kwa mpini wa fagio. Akaniuliza kwa upole kama huko chini nyota zinaonekana. Mwanga ulikuwepo wakati wote huo, watu wote wameuona vizuri, isipokuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikichuruzika. Mama alikuwa akishuka ngazi, hana nguo hata moja mkononi. Akanipa pole. Nikaona mstari mwekundu kwenye kidole chake, umekatwa na kitu chembamba. Nikamwambia kamba za kuanikia zinakata, azungushie kitambaa. Akashukuru sana, akasema hilo hakuwa amelifikiria.

Vidole vile vina historia. Maisha yake yote Mama alikuwa fundi wa miavuli. Marehemu alinisimulia kwamba mama yake akipitisha kidole kwenye mbavu za mwavuli alijua upi utavunjika na kwa upepo gani. Alisimulia kwa fahari, kama mwingine anavyosimulia baba aliyekuwa rubani. Mimi nimeshona viatu miaka yote hii na bado kidole changu hakijaniambia kitu.

Uzi wangu wa nailoni umepungua nusu. Kinyozi!

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Leo niliwaita majirani mbele ya kibanda niwafafanulie ule mwanga, kisha wautazame wakiwa wameelimika. Nilipanga viti. Nilivaa koti la harusi. Mama naye, kwa heshima yake, akashuka akaketi mstari wa mbele, mtandio umetulia, mikono mapajani.

Nikahutubia. Nikaeleza nyota inavyozaliwa, na pale nisipojua nikapaza sauti. Giza likaingia. Tukatazama juu. Hakuna kitu. Tukaendelea kutazama. Popo akapita.

Kinyozi akauliza kama nyota imechukua likizo. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine na viti vyangu.

Mama alibaki. Akasema nimezungumza vizuri na sauti imetoka. Kisha, akitazama kando, akasema pengine siku nyingine nisimwalike. Iliniuma. Nikadhani nimemwaibisha.

Lakini sasa nimekaa na chai na nimepiga hesabu. Jumatatu Mama hakuwa nasi: mwanga ulikuja. Alhamisi hakuwa nasi: mwanga ulikuja. Leo alikuwa nasi: haukuja. Jibu ni moja tu, na nashangaa sikuliona mapema.

Mwanga unamwogopa mama mkwe.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Shemeji amefika na viatu vinavyong'aa, visigino vimelika upande wa nje. Sikusema. Mkoba wa Mama ulikuwa umeshawekwa mlangoni.

Mezani nilianza kumweleza shemeji kwamba wataalamu wameanza kunipigia simu kuhusu nyota yangu. Nikakanyagwa mguu. Taratibu, kwa kisigino, hasa pale kwenye dole gumba. Marehemu ndivyo alivyokuwa akinifanyia nikianza kutia chumvi. Niliiacha nyota, nikainua macho. Mama alikuwa anakunywa maji, uso mtulivu kabisa. Kumbe binti alijifunzia hapa.

Jioni Mama akasema anapanda kuanua nguo kabla ya safari. Mimi na shemeji tukatoka nje. Na mwanga ukaja. Shemeji akabaki mdomo wazi. Kinyozi alikuwa kando yetu, mkasi bado mkononi. Nikamweleza shemeji kanuni yangu, kwamba mwanga unamwogopa mama mkwe. Akanitazama kwa muda, akautazama mwanga, akalitazama paa letu. Akaingia ndani mbio.

Yeye ni mtoto, anaruhusiwa. Mimi nilifuata nyuma nikikohoa kila ngazi ili Mama ajue nakuja.

Alikuwa amesimama katikati ya paa, kichwa juu. Kidoleni amezungushia kitambaa. Kutoka kwenye kitambaa unatoka uzi wangu wa nailoni, unapanda, unapotelea gizani. Na huko juu, ukikaza macho, kile kitambaa cheusi cha mwavuli wa marehemu, kimetandazwa juu ya mbavu zake, kimebeba taa ya baiskeli yangu. Kishada! Kishada kile kile cha kurushwa na watoto, isipokuwa hiki kilitulia angani kama kimeambiwa kaa na kikasikia. Nimeona kazi nyingi za mikono. Kama ile, hapana.

Shemeji akauliza, kwa sauti ya chini, mambo gani haya kwa umri wake.

Mama hakushusha macho. "Tangu tumzike, mwenzako anatazama soli tu," alisema. "Nilitaka ainue shingo."

Nilitafuta msumari ukutani. Paani hakuna ukuta.

"Njoo ushike, mwanangu. Usivute. Mpe nafasi."

Nikashika. Ulikuwa unanivuta kama mtu anayetembea mbele yako na hapendi uchelewe. Nikalitamka lile jina. Sikukusudia kulitamka kwa sauti. Mama akaitikia kwa kichwa, na tukaendelea kutazama.

Baadaye shemeji akaomba kujaribu. Akakumbuka kwamba utotoni alikuwa hapewi uzi kwa sababu ya papara, dada yake ndiye aliyepewa. Leo alipewa. Alipouliza kuhusu safari, Mama akamjibu kwamba kule kwake majengo marefu yanaziba upepo. Shemeji akamrudishia uzi. Tuliposhuka aliuchukua mkoba mlangoni, nikashikwa na hofu. Akaurudisha chumbani kwa mama yake.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Asubuhi chai imefunikwa. Shemeji amepiga simu kuuliza upepo ukoje.

Nimetafakari yote na nimeridhika kwamba uchunguzi wangu ndio ulioleta ufumbuzi.

Ila kuna jambo zito. Ule mwavuli mkubwa wa kibanda, wa kukingia wateja jua, umetoweka. Na mashuka mawili kambani hayapo. Namshuku kinyozi. Nimemweleza Mama, amekubali kwamba wezi wamezidi siku hizi, kisha akaniuliza kama ninao uzi mnene zaidi, na taa nyingine, ikiwezekana mbili. Nimempa vyote. Mtu hawezi kumnyima mama mkwe uzi.

Kesho jioni namvizia kinyozi kutoka juu ya pipa lake. Safari hii nitapanda bila viatu.